Nilikuwa na bustani mbili za nyanya: moja ya kuuza, moja ya watoto wangu

Wakuu, salamu kutoka Ekerenyo. Ninachoandika hapa kinaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hivyo mjue sikutunga.

Mimi ni mkulima mdogo. Chai kidogo, ndizi, na nyanya. Nyanya ndizo zilinipa jina, maana nilikuwa nazo hata msimu wa mvua, wakati za wengine zimeoza shambani.

Siri yangu? Dawa.

Mvua ya huku inaleta ukungu, majani yanakauka kama yamechomwa. Kwa hivyo nilipiga dawa kila mara, na mnunuzi akija kesho yake, navuna. Kibandiko cha dawa kinasema ungoje siku kadhaa kabla ya kuvuna. Nilikisoma vizuri. Sikungoja.

Sasa hapa ndipo pabaya. Nyuma ya jikoni mke wangu Moraa alikuwa na kabustani ketu: sukuma, mboga zetu za kienyeji managu na chinsaga, na miche michache ya nyanya wakati wa kiangazi. Huko sikupiga kitu. Watoto wetu walikula kutoka huko pekee.

Nilijiambia kila mkulima anafanya hivyo. (Usicheke, wewe mwenye shamba unajijua.)

Sabato moja baada ya kanisa nikaenda Kisii town kumwona dada yangu mdogo, Kerubo. Ni mwalimu, na mtoto wake alikuwa ndio ameanza kula. Nilimbebea managu.

Nikamkuta amempakata mtoto, anamlisha viazi vya kuponda na nyanya.

"Baba Nyaboke, umekuja siku nzuri," akaniambia akicheka. "Leo tunakula nyanya zako. Yule mama wa sokoni ameniambia zimetoka kwako."

Nikaangalia zilizobaki kwenye sahani, bado hazijaoshwa. Karibu na kikonyo kulikuwa na ile alama nyeupe ya dawa. Nilizipiga dawa Jumatano, nikavuna Alhamisi.

Nikamnyang'anya kijiko.

"Kwani ziko na nini?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Moraa huwapikia watoto wenu hizi?"

Nikasema hapana.

"Kwa hivyo ulijua."

Wakuu, nimewahi kutukanwa, lakini hayo maneno matatu yalinimaliza.

Kisha akaniambia jirani wa mlango wa pili alinunua pamoja naye. "Nenda umwambie wewe."

Nikaenda. Akafungua mama wa makamo, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaingia jikoni, akarudi na nyanya zote, akaniwekea mikononi. Akafunga mlango.

Mtoto hakuugua, Mungu ni mwema. Lakini wiki hiyo nilimpigia Kerubo simu kila asubuhi, na yeye alijibu kwa kifupi tu: "Yuko sawa."

Nyumbani nilimwambia Moraa nyanya za mvua zimeisha. Akasema, "Basi tupande kile mvua inataka."

Tukang'oa. Tukaweka managu, chinsaga, kunde na malenge, kwa samadi ya ng'ombe wetu. Mnunuzi wangu wa zamani alikasirika akahamia kwa mwingine. Sokoni watu waliuliza mbona majani yana matundu. Nikawajibu wadudu nao hula. Leo wanakuja mpaka shambani, wanachuma wenyewe.

Nyanya napanda za kiangazi tu, nikiziachia nafasi upepo upite. Ni chache na si kubwa. Utamu wake, muulize Kerubo. Januari alikuja na mtoto, sasa anatembea, akachuma moja akaiuma hapo hapo, maji yake yakamtiririka hadi kifuani. Mama yake aliniangalia, akamfuta kidevu.

Nilichojifunza: chakula kikija kwa msimu wake hakihitaji kulazimishwa. Ukinunua, muulize muuzaji mambo mawili: huu ni wakati wake? Na ilipigwa dawa lini? Asiyejua, mwache. Na mkulima, kama kuna mstari shambani kwako ambao watoto wako hawali, usiuze.

Sisemi kila dawa ni mbaya. Nasema usimlishe mtoto wa mwenzio kile unachomficha wako.

Wale mlio na bustani mbili kama nilivyokuwa, andikeni hapa chini. Sitawacheka. Nataka kujua tu nyinyi mliamka lini.