Pasi za Jumapili

Nilikwenda Juba kwa likizo ambayo chuo kilitupa bila sisi kuiomba. Tulikuwa tumegoma, nadhani kwa sababu ya chakula, chuo kikafungwa, nami nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kumaliza shahada ya uhandisi wa umeme. Binamu yangu, karani wa benki huko, aliniita nitafute kibarua. Mkataba wa amani ulikuwa bado mpya, umeme wa mji ulikuwa uvumi tu, na kila ua lilikuwa na jenereta yake. Nilipanga kukaa mwezi. Chuo kilifunguliwa, mwaka ukapita, nami bado nilikuwa na grisi kwenye kucha.

Aliyenipa kazi alikuwa fundi wa jenereta mwenye kibanda cha mabati mtaa wa Hai Jalaba. Alikulia ukimbizini Uganda, akarudi na ufundi wake na Kiswahili chake. Aliniita Profesa, na hakuwa ananisifu. Alikuwa na desturi moja: hakugusa mashine kabla ya kuketi na mlinzi, kwa kuwa mlinzi ndiye aliyelala karibu nayo. Imeamkaje leo? Inakohoa saa ngapi? Moshi wake una rangi gani? Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafungua kila kilichofunguka. Mara nyingi yeye alipata jibu kabla mimi sijaipata mita yangu.

Kisha ikaja barua ya chuo: nisipojisajili muhula ule, nafasi yangu imekwenda. Juma lilelile fundi aliniambia anafungua kibanda cha pili mtaa wa Thongpiny.

“Wewe utakaa huko kama mwenyewe,” alisema. “Faida tunagawana.”

“Na shule, mzee?”

“Shule iko siku yote. Jenereta ya Thongpiny inaharibika leo.”

Nilifanya wanachofanya wasomi wanapotakiwa kuamua: nilingoja kitu kingine kiamue kwa niaba yangu.

Kilikuja kwa sura ya hoteli, makontena upande mmoja na mahema upande wa pili, imejaa Wakenya wenzangu waliopanga kwa mwezi. Mwenye hoteli alitaka jenereta ndogo zaidi, maana ile kubwa ilikunywa dizeli kama ngamia. Fundi aliniachia hesabu. Nilihesabu taa, friji, viyoyozi na pampu ya maji, kisha nikazidisha kwa namba tuliyofundishwa darasani, inayopunguza jumla kwa sababu watu hawawashi kila kitu kwa wakati mmoja. Karatasi ilipendeza.

Fundi aliitazama. “Umeuliza nani?”

“Nimehesabu, mzee.”

“Nasikia. Umeuliza nani?”

Tuliifunga ile ndogo Jumatano. Hadi Jumamosi iliunguruma vizuri, na jioni hiyo nilianza kutunga kichwani barua ya kukiaga chuo.

Jumapili saa moja na nusu asubuhi swichi kubwa ilikata. Ikarudishwa, ikakata tena. Nilipofika kutoka Buluk nilikokaa na binamu, ua lilikuwa limejaa watu walioshika nguo. Mkenya aliye mbali na kwao anaweza kuvaa fulana moja yenye vumbi juma zima, lakini Jumapili hunyoosha nguo kana kwamba anakwenda kuoa. Pasi zao walitoka nazo nyumbani, na kwa kuwa hoteli ilizikataza, zilikaa chini ya vitanda. Mimi sikuangalia chini ya vitanda.

Mhasibu mmoja alisimama mbele yangu. Mkono mmoja wa shati lake ulinyooka kama rula, mwingine kama kitu kilichotafunwa na mbuzi.

“Injinia, niende mbele za Mungu hivi?”

“Mungu huangalia moyo, bosi.”

“Moyo nao sijaupiga pasi.”

Fundi alishuka kwenye bodaboda akiwa ndani ya suti iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa. Alipita karibu yangu, akaenda kwa mlinzi.

“Kila Jumapili saa hii taa inafifia,” mlinzi alisema. “Hata ile kubwa ilikuwa inalia.”

“Ulimwambia Profesa?”

“Hakuniuliza.”

Fundi alitembea uani akitangaza kama kondakta: “Watu ya kontena, piga pasi! Watu ya hema, ngoja!” Ibada ya saa tatu haikumkosa mtu, isipokuwa mimi, niliyeachwa kulinda swichi.

Jumatatu alitaka kuiona ile karatasi.

“Hii namba ulizidisha, ilitoka wapi?”

“Kwenye daftari.”

“Daftari ilitoa wapi?”

“Mwalimu aliiandika ubaoni.”

“Na yeye? Hao watu walihesabiwa, walikuwa wanaenda kanisa?”

Hakuwa anatania, alitaka kujua kweli.

“Mimi najua kuuliza mlinzi,” alisema. “Kuuliza namba sijui. Wewe hujui yote mbili. Enda uulize namba. Ya mlinzi nitakufundisha ukirudi.”

Wengine wangeiita hekima. Mimi niliona nimefukuzwa kwa adabu, nikajisajili zikiwa zimebaki siku mbili.

Mwaka ule niliketi mbele. Nilimwuliza mhadhiri namba ilitoka wapi. Alikuna kidevu, akasema ni jedwali la ng'ambo, la zamani kuliko yeye, na kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza. Nilifaulu, kwa alama ambazo mama yangu hakuzitangaza kanisani.

Niliporudi Juba, kibanda cha Thongpiny kilikuwa na mwenyewe, shemeji wa fundi, na hakuna aliyeniomba radhi. Fundi alinisogezea kigoda pale Hai Jalaba, akauliza habari ya namba. Nilimwambia. Alicheka mpaka akaweka spana chini.

Kisha alinielekeza kwa kidevu upande wa duka la jirani, ambako mlinzi alikuwa anakunywa chai kando ya jenereta iliyozimwa.

“Haya. Anza na huyo.”