Samli ya Mama Ndani ya Tromboni

Mimi nilikuwa mtu wa tromboni, na nikisema hivyo vijana wa siku hizi hucheka. Wacha wacheke. Miaka ile, kabla ya vita vya pili, shamba letu la chai huko Kericho lilikuwa na bendi ya wafanyakazi: tarumbeta nne, ngoma mbili, na tromboni moja tu, niliyoipuliza mimi. Asubuhi nilichuma majani chai kama kila mtu, kikapu mgongoni. Alasiri, mvua ikiniruhusu, nilikuwa bwana mkubwa. Tromboni haina vidude vya kubonyeza. Ina bomba refu unalolivuta na kulisukuma, na sauti hupanda na kushuka kwa mkono wako mwenyewe. Bomba hilo lisipoteleza, umeshika chuma cha bure.

Baba alizichukia ala za shaba zote, na hakuzichukia bila sababu. Katika vita vya kwanza alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, yeye na kaka yangu mkubwa. Kila alfajiri tarumbeta ililia, na ikishalia unainua mzigo wako, uwe mzima, uwe mgonjwa. Asubuhi moja kaka alishindwa kuinuka. Tarumbeta ikalia, msafara ukaondoka, na baba akaondoka nao, kwa sababu mwenye bunduki alikuwa nyuma yake. Hayo alinisimulia mara moja tu maishani. Basi habari ilipomfikia kule kwetu ziwani kwamba mwana aliyembakia anapuliza vitu hivyo kwa hiari yake, alifunga safari.

Alipanda kwa miguu kupitia Sigowet, siku mbili nzima, amevaa lile koti lake zito la jeshi, na mkononi kibuyu cha samli kutoka kwa mama. Hakuzungusha maneno.

"Nimekuja kukuchukua," akasema, hata kabla ya kukaa.

"Baba, kesho kutwa kiwanda kipya kinafunguliwa, na sisi ndio tutakaopiga. Nisikilize mara moja tu. Ukimaliza kusikiliza, ukisema twende, nitafunga virago."

Aliweka kibuyu chini. "Mara moja," akasema. Baba hakuwa mtu wa kubadilisha neno, na mimi nilikuwa nimeshatoa langu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jioni ya kuamkia sherehe niligundua kwamba mafuta ya kulainisha bomba yamekwisha. Mwalimu wetu wa bendi, askari mstaafu, aligawa mafuta yale kwa matone, na matone yangu ya mwezi nilikuwa nimeyamaliza kwa kujionyesha. Nikakumbuka kwamba kule misheni ziwani, nilikojifunzia, tulipaka samli na bomba liliteleza ajabu. Na samli ya mama si hiyo hapo? Nikapaka bila ubahili. Pale karibu na moto bomba likaenda na kurudi vizuri kabisa, nikajipongeza, nikaifunga tromboni na kuitundika ukutani.

Kumbe nimesahau niko wapi. Kule kwetu, kwa joto lile, samli hukaa majimaji. Kericho, ukungu wa asubuhi hukung'ata hadi mifupani. Saa tatu tulipojipanga mbele ya kiwanda, nikavuta bomba. Wapi! Nikavuta tena kwa nguvu. Halikusogea hata kidogo.

Mwalimu alikuja akainusa. "Umetia nini humu?"

"Samli, afande."

"Samli! Wewe umekuja kupiga ama kukaanga?"

Bendi nzima ikaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Alisema nina saa moja kabla ya wageni kufika, na tromboni ikikataa nitakaa kando na watazamaji. Niliona machozi yakinilenga, mtu mzima na ndevu zangu. Baba alikuwa ameketi juu ya gogo kando ya barabara, akitutazama. Nikajua ameshanishinda hata kabla ya kusikiliza.

Aliinuka, akaja. "Kinaumwa nini hicho?"

"Kimeganda, baba. Ni samli ya mama."

Aliitazama tromboni muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono akaichukua, yeye ambaye hakuwahi hata kuigusa, akaiingiza ndani ya koti lake na kulifunga juu yake. "Moto uko wapi?" akauliza.

Moto ulikuwa kwenye boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke wa kiwanda. Mchochea moto, Mkipsigis mmoja mnene, aliilinda boila yake mpya tangu alfajiri, na alituzuia mlangoni. "Hapa hakuna ruhusa, mzee."

Baba akafunua koti kidogo. "Nina mgonjwa," akasema.

Yule bwana akacheka mpaka akashika tumbo, akamsalimu kwa lugha yake. "Chamge, mzee, pita! Lakini usimsogeze sana kwa moto, viungo vyake vitayeyuka."

Basi baba akasimama, mgongo kwa boila, bomba amelikumbatia kifuani ndani ya koti, jasho likimtiririka. Mimi nilisimama mbele yake.

"Mnapiga saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nne, baba."

"Si alfajiri?"

"Hapana. Alfajiri hatupigi kamwe."

Akatikisa kichwa kukubali. "Na mkishapiga, watu huinua nini?"

"Hawainui kitu, baba. Hucheza tu."

Samli ilianza kumchuruzikia kwenye shati. Nikalishika bomba, nikavuta polepole, na lo, likaja! Liliteleza hadi karibu linichomoke mkononi. Nilisema asante Mungu kwa sauti, na mchochea moto akaitikia amina.

Tulipiga. Sitadanganya kwamba nilipiga vizuri kuliko siku zote. Nilikosea mahali pawili, na tromboni ilinuka jikoni. Lakini wachuma chai walicheza pale nyuma ya viti vya wageni, akina mama na vikapu vyao vitupu, na kifua changu kilikuwa chepesi sana. Nilimtafuta baba kwa macho. Hakucheza, lakini alikuwa amevua koti, na alisimama na watu hadi mwisho.

Kesho yake niliamka nikamkuta anakunja blanketi lake. Ahadi ni ahadi, nikamwuliza, "Nifunge virago, baba?"

"Vya nani?" akasema, akatoka.

Nilikaa kitandani nikicheka na kulia peke yangu. Hakuniambia nibaki, wala hakusema neno lolote juu ya muziki. Miezi miwili baadaye jirani yangu mmoja alirudi kutoka likizo ziwani, akaniletea chupa ndogo iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Ndani mlikuwa na mafuta ya nyonyo.

"Yametoka kwa mzee wako," akaniambia. "Anasema haya hayagandi, hata kwenye baridi ya huko kwenu."