Mgongo wa Mwalimu Zena

Usiku ule nililala na chupa ya maji ya moto chini ya goti. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi ndiyo siku ya mchujo wa timu ya taifa. Mimi ni mrusha mkuki, na kwa umri wangu sina mchujo mwingine wa kusubiri. Majuma ya karibuni mkuki wangu ulikuwa unaangukia karibu zaidi kila siku, nami kila siku nikaongeza kuruka. Nilikuwa nimeapa kwamba asubuhi nitaruka makasha mpaka miguu ikome ubishi.

Mwalimu Zena, aliyenifundisha tangu nikiwa binti wa sekondari, tulimzika kabla ya masika. Lazima niseme alivyofundisha, maana bila hilo ndoto yangu haieleweki. Mwalimu hakuwa mtu wa kututazama. Tulipanga makasha ya mbao kando ya uwanja wa shule, pale Babati, tukawa tunashuka kutoka juu, tunagusa ardhi na kupaa tena. Yeye ametupa mgongo, khanga begani, anaangalia barabara kama mtu anayengoja gari. Alikuwa anasikiliza miguu. Alisema nguvu ya mkuki haitoki mkononi. Inatoka ardhini, inapanda gotini, kiunoni, begani, na mkono ni mlango wa kutokea tu. Anayegusa chini na kuondoka upesi huibeba. Anayekawia, inampoa miguuni.

Mguu wenye uhai ulilia ta. Siku uliposikika pu, kama gunia la mahindi, Mwalimu aligeuka, akakutazama usoni na kusema, "Basi. Nenda nyumbani." Hakukuwa na kubembeleza. Tulinuna sana, maana wenzetu wa shule za jirani waliruka mpaka jioni na sisi tulirudishwa jua likiwa utosini. Lakini siku ya mashindano walikuwa wanatuuliza tunakula nini.

Basi ndotoni nilikuwa uwanja uleule, ila nyasi zilikuwa zimegeuka alizeti za kufika kiunoni, na sikuona ajabu. Mwalimu amesimama, amenipa mgongo. Najua amekufa. Siogopi, naona haya tu kwamba nimekuja mikono mitupu, hata chai sijamletea.

Naruka. Ta. Naruka tena. Ta. Kasha limekuwa meza ya jikoni kwa mama yangu, na mama anachambua mchele bila kuinua kichwa. Nashuka mezani, natua kwenye sakafu ya wodi alimolazwa Mwalimu siku zake za mwisho. Amelala akielekea ukutani. Nachuchumaa, napaa, natua kwenye alizeti tena, na bado ni mgongo, khanga na kisogo chenye mvi.

"Mwalimu," naita. Hageuki.

Mwanzoni nilitaka aniambie kama nitachaguliwa. Kadiri nilivyoruka, hamu hiyo ikaniisha, nikabaki nataka uso wake. Ulikuwa umeanza kunipotea. Picha waliyoiweka juu ya jeneza ilikuwa ya ujana wake, msichana mwembamba nisiyemjua, na tangu siku ile kila nikimkumbuka, msichana yule ndiye anayekuja.

Nikafanya jambo ambalo mwanafunzi wake yeyote asingethubutu. Nikapanda kasha, nikajiachia kwa uzito wangu wote, makusudi. Pu. Goti likachoma mpaka kwenye nyonga.

Akageuka. Ni yeye, na jicho lake la kushoto dogo kuliko la kulia, na pengo lake. Nikacheka kwa furaha. Yeye hacheki.

"Paskalina," akasema, "ndivyo unavyoniita kila siku?"

Hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma kuliko goti. Majuma yote yale sikuwa natafuta nguvu. Nilikuwa naruka mpaka miguu ife, kwa sababu miguu ikifa Mwalimu hugeuka.

"Nikiacha hutageuka tena," nikamwambia.

"Mimi sisikii tena, mwanangu. Nilisikiliza mpaka masikio yako yakomae. Yamekomaa."

Anajifunga khanga vizuri, anaingia kwenye alizeti, na mashina hayatikisiki anapopita. Nataka kumfuata. Mguu wangu hauinuki, kana kwamba ardhi imeushika kwa mkono, na ninaposhusha macho kuutazama, nauona ukiwa juu ya godoro, kumekucha.

Mume wangu alikuwa mlangoni na kikombe. "Mama Eli, leo jua limekukuta kitandani? Huendi kuruka?"

"Siendi. Wala kesho. Napumzika mpaka Jumamosi."

"Makubwa haya. Mimi nimeimba pumzika, pumzika, mpaka koo limekauka. Nani kakuweza?"

"Mwalimu Zena amenikataza."

Utani ukamwisha. Kwao mtu aliyetembelewa na marehemu haulizwi neno kabla hajanywa kitu cha moto, kwa hiyo alinipa chai, akakaa pembeni ya kitanda. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili. Nje watoto walikuwa wanapita kwenda shule. Saa ile, siku nyingine yoyote, ningekuwa nahema uwanjani, jasho linaingia machoni, sina nafasi ya kuwaza lolote. Sasa nilikuwa nimekaa tu, miguu haina kazi, na kilio nilichokuwa nakikimbia tangu makaburini kikanikuta palepale kitandani. Nikamlilia Mwalimu wangu mpaka chai ikapoa.