Mzee Tluway na Neno Lake la Bado

Kwanza naomba mnisamehe mwandiko, na herufi nitakazokosea pia mnisamehe. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika mara chache. Maneno haya nilianza kuyaandika juzi wakati ng'ombe wanakunywa, na leo ndiyo namalizia. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokuwa shuleni wakati ule tulipoambiwa tufute "Mkoa wa Arusha" kwenye jalada la daftari tuandike "Mkoa wa Manyara". Mimi nilifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, na nikaanza mkoa mpya na tundu.

Enzi zetu hapa Dirma, mtoto wa kike aliamka kabla ya jogoo kujua kazi yake. Baridi ya mlimani ilishuka mpaka chini ya blanketi. Unakunywa uji wa mtama, unachukua ndoo na ngata yako, mnakwenda korongoni kundi zima, mnafukua mchanga kwa kibuyu na kungoja maji yajikusanye taratibu. Ng'ombe wakiwatangulia, mnarudi na maji rangi ya chai ya maziwa. Juu ya ndoo tuliweka tawi la majani ili maji yasimwagike. Tukifika shuleni tumechelewa, mchakamchaka umeshapita, mwalimu anangoja mlangoni na fimbo. Lakini tulicheka. Tulicheza rede hadi mpira wa matambara ufumuke, tulibeba magunzi ya mahindi mgongoni tukayaita watoto, na jioni nyumba nzima ilinuka makande yanayochemka.

Mimi nilikuwa mtoto wa aibu. Darasani hata jibu nikilijua, mkono ulikataa kuinuka. Mama alikuwa akiniambia, "Sema kwa sauti, humu ndani hamna simba." Lakini mimi nilimwona simba kila mahali. Mahali pamoja tu nilipaza sauti, napo ni kwenye mikutano ya Mzee Tluway.

Mzee Tluway alikuwa diwani wetu. Kabla ya hapo aliendesha trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali, upande wa Basotu. Kazi ilipopunguzwa, miaka ile kila kitu kilipoanza kuwa cha watu binafsi, alirudi nyumbani na boksi la spana na koti la kazi la bluu lenye mafuta ambayo mkewe, Mama Paskalina, hakuweza kuyatoa kwa sabuni yoyote. Koti hilo ndilo alilogombea nalo udiwani. Mpinzani wake alivaa suti, akaahidi maji ya bomba kabla ya Krismasi. Watu wakapiga makofi. Mzee Tluway akasimama, akawasalimu wakubwa shikamoo, akasema Kiswahili chake kile kile cha karakana:

"Mimi ni mtu ya trekta. Trekta ikiwa mbovu, unasema mbovu. Huwezi kuidanganya ikalima. Maji sina. Nitatafuta. Nikikosa nitakuja hapa kuwaambia nimekosa."

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. "Huyu anaomba kura au anaomba msamaha?" mmoja akauliza. Lakini walimpa.

Basi kila mkutano aliuendesha namna moja. Hakusoma taarifa. Alisimama juu ya tela bovu la trekta pale karibu na soko, akatuita kama mwalimu anayeita majina asubuhi.

"Madawati?"

"Yapo!"

"Zahanati?"

"Imefika kwenye lenta!" mafundi walijibu, maana kuta zilikuwa zimepita madirisha.

"Maji?"

"Bado!"

Neno hilo tulijibu wote, wazee, akina mama na sisi watoto tuliokaa mbele kwenye vumbi. Mtu wa wilayani alimwuliza siku moja kwa nini asijibu mwenyewe, akamwambia, "Nikijibu mwenyewe nitajipendelea." Sisi watoto tulilipenda neno lile. Tulilitia kwenye nyimbo za mchakamchaka. Mama akiuliza kama vyombo vimeoshwa, tunajibu "Bado!" halafu tunakimbia. Na mimi katikati ya sauti nyingi nilipiga kelele mpaka koo likawasha, maana hakuna aliyejua ipi ni yangu.

Kumbe yeye alijua. Siku moja tulikutana njiani, mimi na ndoo, yeye na plau ya mtu begani, maana udiwani haukumzuia kutengeneza vitu. Nikamwamkia kwa sauti ndogo. Akasimama.

"Marahaba, mjukuu. Wewe sauti unayo, mimi nimeisikia mkutanoni. Usiwe unaiacha pale pale kwenye tela."

Nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka akaondoka.

Mwaka ule wa mkoa mpya ngoma zilipigwa. Mzee Tluway akapanda kwenye tela, akasema, "Wilaya yetu sasa ina mkoa mpya. Tumepata?" Tukajibu "Tumepata!" Akauliza, "Maji?" Tukajibu "Bado!" Hata yeye akacheka.

Msidhani alikaa bure. Wazazi wetu walichimba mtaro kwa majembe yao, yeye akiwa mbele na koti lake. Mabomba yakalazwa, na pale sokoni ikajengwa nguzo ya saruji yenye koki inayong'aa. Siku ya kufungua tulivaa sare. Koki ikazungushwa. Ikakohoa, ikatoa upepo na kijidudu kimoja, basi. Mafundi walisema maji hayana nguvu ya kufika kwetu. Mzee Tluway akapanda kwenye tela siku hiyo hiyo.

"Bomba?"

"Lipo!"

"Maji?"

Tulinyamaza kwanza, kwa kumhurumia. Akangoja. Akauliza tena, kwa ukali. Ndipo tukamjibu.

Uchaguzi uliofuata alishindwa, na yule wa suti akapita. Mzee akarudi kwenye plau na spana zake. Sisi watoto tukaendelea kuweka sikio kwenye koki tukitoka shule, kila mmoja akiapa kwamba amesikia maji yanakuja kwa mbali.

Mwaka huu Mzee Tluway aliumwa. Akina mama tulipokwenda kumwona, nami nikiwemo, nyuma kabisa, alikuwa mwembamba na koti limening'inia ukutani. Akasema, "Siku ya kunizika watakuja watu na maneno mazuri. Watasema nilileta maji. Mkiwaacha, mtanizika na uongo kifuani, na mimi sitaweza kuinuka nikatae."

"Baba Paskalina, kunywa maziwa," mkewe akamwambia.

"Nimekunywa. Lakini mmesikia?"

Tukasema tumesikia. Ni rahisi kusema hivyo mbele ya mgonjwa.

Siku ya mazishi watu walijaa kutoka Balangdalalu mpaka Bashay. Mchungaji alimaliza, akapewa nafasi mgeni kutoka wilayani. Alikuwa kijana mwenye adabu, ila marehemu hakuwahi kumjua.

"Marehemu alituletea madawati," akasema. Tukaitikia kwa vichwa. "Alituletea zahanati." Tukaitikia. "Na alituletea maji safi na salama."

Hapo vichwa viligoma. Mnatujua watu wa huku, mgeni hatumkatizi. Wanaume walitazama viatu vyao. Mimi nilimtazama Mama Paskalina chini ya turubai, amelikumbatia lile koti. Mgeni alikuwa ameshafungua kinywa aendelee na mengine, na jeneza lilikuwa pale pale limefunikwa, mwenyewe hawezi kukataa.

"Bado."

Niliposikia sauti hiyo nilitaka kugeuka nimwone aliyesema. Ilikuwa yangu. Mama yangu alinivuta kanga akanong'ona, "We mtoto, una wazimu?" Watu wote wananitazama, na safari hii hakukuwa na kelele za kujifichia.

Halafu Mama Paskalina akasimama. Akauliza kwa sauti ya kukwaruza, vile vile alivyouliza mumewe.

"Maji?"

"Bado!" uwanja wote ukajibu. Hata watoto ambao hawakuwahi kuliona lile tela walijibu.

Mgeni akavua kofia. "Nisameheni," akasema. "Nirudie. Marehemu alileta madawati na zahanati. Maji, bado." Mzee mmoja akacheka huku anafuta machozi, na cheko likapita pale makaburini kama upepo kwenye ngano. Tukamzika hivyo.

Siku hizi ndoo tunabeba bado, ila mabinti wa sasa wakichota moja wanapiga picha kwanza. Wanaandika "xaxa" mahali pa "sasa" na wala hawaombi radhi kama mimi. Siwalaumu, nao wanachoka njia ile ile. Ninachokosa ni lile neno. Mikutanoni tunaambiwa "mchakato unaendelea", na mchakato hauna mahali pa sisi kuitikia. Tunakaa kwenye viti vya plastiki, tunasikiliza, tunapewa soda, tunaondoka. Zamani tulikaa vumbini, hatukupewa kitu, lakini mtu mzima alitungoja tumjibu.

Jana nikipita sokoni nilizungusha ile koki. Mkono tu ulijiendea.

Basi wenzangu mliotawanyika, mlioko Babati, Arusha na mbali zaidi, niandikieni. Msijali mwandiko, nami nitasoma polepole kama ninavyoandika. Niambieni mlipo kuna nini, na kama maji yanatoka. Kama yanatoka, nitafurahi kwa ajili yenu. Kama hayatoki, msinifiche kwa maneno marefu. Andikeni neno lile moja, nitaelewa.