Banda la Babu Lilivyofunguka

Leo nimekwenda kijijini Lusu na lori, fundi na mashine ya kukatia vyuma. Mashine haikuwashwa kabisa.

Nilimfuata shangazi ahamie kwangu mjini, Mtendeni. Banda la babu, nyumba ya chuma anamoishi, tulikate, tuuze chuma chakavu.

Babu alilinunua enzi za Mwingereza. Lilikuja kwa treni vipande vipande, likafungwa kwa bolti.

Fundi akajaribu bolti moja kwa spana.
Ikazunguka kilaini.
Ya pili, vilevile.
"Kaka, hizi zina mafuta!"

Shangazi, ambaye ana miaka themanini na ushee, akasema, "Baba alizipaka kila kiangazi. Alipofariki nikaendelea mimi."

Kwa nini, jamani?

"Serikali ilimhamisha mara mbili kwa sababu ya mbung'o na malale. Mara zote aliacha nyumba nyuma. Akaapa kwamba wakija tena, anahama nayo."

Hawakuja tena.

Leo aliyekuja kumhamisha mtu ni mimi.

Shangazi akachukua spana mkononi mwa fundi.
"Nakuja, mwanangu. Lori lina ukubwa gani?"

Uani kwangu panatosha gari moja tu, au banda moja.

Msinicheke: kuanzia leo gari langu linalala barabarani.