Nilikwenda Unguja Kutafuta Aibu ya Mtu

Baba yangu alikuwa mkulima wa milimani kwetu, upande wa Mbeya, na Kiswahili alikijua kidogo tu. Kanisani walisali Kinyakyusa, sokoni walipatana bei kwa Kinyakyusa, na nyumbani hakuna aliyemsemesha lugha nyingine. Kiswahili alikiokota akiwa kijana kwenye machimbo ya dhahabu, akakibakiza hivyo hivyo alivyokiokota.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule moja ya kati huko Iringa. Nilifundisha kushona kwa sindano, usafi na hesabu za darasa la tano. Mdogo wangu wa kike alisoma hapo hapo, analala bweni. Siku ya wazazi ilipofika, baba alipanda basi la shirika la reli, akasafiri siku mbili, akashuka na kapu la ndizi na koti lake jeusi la kanisani. Mwalimu mkuu aliposikia mzee ametoka mbali kuliko wazazi wote, akamwomba atoe neno la shukrani.

Baba akasimama. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Iringa inauma masikio, na watu wamejaa uwanjani. Akavua kofia, akasema, "Mimi nashukuru walimu yote. Mtoto yangu sasa inajua kusoma. Mungu awabariki nyinyi yote."

Wazazi walipiga makofi. Wengi wao walisema Kiswahili kama hicho hicho. Lakini aliyekuwa anaendesha sherehe ni mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Unguja, kijana mrefu wa sauti nzuri. Akangoja makofi yaishe, kisha akasema, "Tumshukuru mzee wetu. Mtoto yake inajua kusoma. Sasa tuombe Mungu, na mzee naye ijue kusema."

Uwanja mzima ulicheka. Wanafunzi walicheka, walimu walicheka, hata wazazi waliopiga makofi. Mdogo wangu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Baba alikuwa bado amesimama. Alisema, "Ndaga," yaani asante kwa kwetu, akakaa, akavaa kofia yake.

Kesho yake nilimsindikiza kituoni. Tukiwa tunangoja basi aliniuliza kwa Kinyakyusa, "Nilikosea wapi?"

Nikamwambia hukukosea, baba, wale wanapenda kucheka tu.

"Nidanganye kwa Kiswahili kama unataka," akasema. "Kwa Kinyakyusa usinidanganye."

Basi likaja, akapanda. Hakuja tena Iringa. Mdogo wangu alipomaliza shule, aliyekuja kumchukua ni mjomba.

Mwalimu yule hakuniomba radhi, na sidhani kama alikumbuka. Kwake lilikuwa neno la kuchekesha hadhara, limepita. Mimi nililiweka. Nilikaa naye chumba kimoja cha walimu miaka miwili na nusu, nikimwamkia kila asubuhi na kumchukia kila asubuhi. Nilimsikiliza kuliko mwanafunzi wake yeyote. Kila neno alilotamka nililirudia nikiwa peke yangu, nikifua au nikichochea moto, mpaka ulimi ukanyooka. Sikufanya hivyo kwa kuipenda lugha. Nilitaka siku nitakayomjibu asipate hata herufi moja ya kushika.

Naye alipenda sana kusimulia kwao. Alisema nyumba yao iko Malindi, karibu na bandari, ghorofa tatu, mlango wa kuchongwa wenye misumari ya shaba. Wakifungua dirisha la juu wanaona meli zikitia nanga. Baba yake ni karani mkuu wa forodha. Hakuna shehena inayoshuka bila sahihi yake. Tulisikiliza tukiwa tumevaa masweta, tumeshika vikombe vya chai kwa mikono miwili. Wengine walimwonea wivu. Mimi nilihesabu kila neno nikijiuliza lipi ni kweli.

Ndipo ikaja barua kwamba Unguja kutakuwa na mafunzo ya wiki mbili ya walimu wa sindano, na shule ipeleke mmoja. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kabla chai haijamiminwa. Nikapewa.

Mwalimu wa Kiswahili aliposikia alitabasamu. "Ukifika kwetu usiseme sana," aliniambia mbele ya wenzetu. "Nyoosha kidole tu. Watakuelewa."

Walicheka tena. Nami nikacheka nao, kwa sababu nilikwisha jua ninachokwenda kufanya. Niliwaza kwamba mtu anayejisifu hivyo lazima ana kitu amekifunika, na mimi nilikuwa nakwenda kukifunua.

Basi lilipita Ilula, likateremka Kitonga, joto likaanza kupanda kutoka bondeni. Morogoro nikachukua treni, Dar es Salaam nikachukua meli. Sikuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nilitapika njia nzima nimeshika chuma cha pembeni, na mama mmoja wa buibui alinishika kiuno nisianguke. Hakuniuliza jina wala dini.

Mji ule ulinishinda kwanza. Ulikuwa na harufu ya karafuu na papa mkavu kwa pamoja, na vichochoro vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Kuta ni ndefu, nyeupe, zimebanduka. Mbele ya kila nyumba kuna baraza la mawe na watu wamekaa, wanakutazama unapita. Gauni langu la shule lililoa jasho, na kichwa changu hakikufunikwa. Siku tatu za kwanza nilikwenda darasani na kurudi, njia ile ile, kama mbuzi. Siku ya nne nilifunga kitambaa kichwani, nikaenda Malindi.

Nilimkuta mzee muuza kahawa ameinamisha birika lake la shaba juu ya vikombe. Nikamwamkia, nikamwuliza nyumba ya karani mkuu wa forodha mwenye mtoto mwalimu bara.

"Karani mkuu ni Mhindi," akasema. "Tangu mimi kijana, makarani wakuu ni Wahindi. Huyo mtoto anafundisha bara ya wapi?"

"Iringa."

Akafikiri. Mwenzake aliyekuwa anakunywa kahawa akasema, "Si mtoto wa yule hamali? Aliyefia ghalani?"

"Ndiye," akasema muuza kahawa. Kisha akaniambia, "Bibi, hakai upande huu huyo. Vuka darajani uende Ng'ambo, uulizie mama wa vitumbua, mke wa marehemu hamali. Mtoto wao ni mwalimu huko baridini."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nasema kweli, nilimshukuru Mungu palepale njiani. Hamali! Mbeba magunia. Na yule kijana alikuwa amesimama mbele ya baba yangu kama mtoto wa liwali. Nilivuka kwenda Ng'ambo nikitembea haraka kama ninayechelewa treni.

Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili. Mama mmoja mwembamba alikuwa amekaa mlangoni mbele ya kaango, anageuza vitumbua kwa kijiti. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba mwanangu, karibu ukae. Watoka wapi?"

"Iringa, mama. Nafundisha shule moja na mwanao."

Kijiti kikasimama. "Yu hai?" akauliza.

"Yu hai, mama. Mzima kabisa."

Akafumba macho, midomo yake ikasema jambo ambalo sikulisikia. Kisha akanieleza. Mume wake alifariki miezi saba iliyopita. Magunia ya karafuu yalimporomokea ghalani bandarini, akakaa siku tatu, akafa. Walimpelekea mwana barua mbili zilizoandikwa na jirani, lakini kwa shule aliyokuwa akifundisha zamani, maana nyingine hawakuijua. Hazikujibiwa. Yeye mwenyewe alikuwa hajaandika nyumbani mwaka wa nne sasa.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Mimi sikunyamaza. Nilikuwa nimetapika bahari nzima kufika pale. Nilimwambia kwamba kule kwetu mwanawe husema baba yake ni karani mkuu wa forodha, na kwao ni ghorofa tatu Malindi.

Vitumbua viwili viliungua, akaviopoa, akaviweka pembeni.

"Kasema karani?"

"Karani mkuu."

"Babake hakujua hata kushika kalamu," akasema. Hakulia. Akapangusa mikono kwa kanga. "Wewe una kalamu, mwanangu?"

Nilikuwa nayo, pamoja na daftari la mafunzo. Akasema, mimi nikaandika, neno kwa neno. Barua ile naikumbuka mpaka leo:

"Mwanangu, nakuarifu kuwa baba yako hayupo tena duniani. Kafa na mzigo mgongoni. Siku ya mwisho alisema, mwanangu ni msomi, mwiteni anisomee Yasini. Hukuja, kasomewa na majirani. Nasikia huko ulipo umempa ukarani. Mwanangu, baba yako alikuwa hamali, na ule mgongo ndio uliokununulia kalamu. Ungemwonea aibu akiwa hai ningesema ni ujana. Sasa kafa, na huna wa kumwonea aibu ila nafsi yako. Njoo ulione kaburi. Mimi mama yako, sijakasirika, nimechoka tu."

Nikamsomea aliyoyasema. Akaniambia ni sawa. Kisha akanitazama. "Kiswahili chako kizuri, mwanangu. Kakufundisha nani?"

"Mwanao, mama."

Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akafunga vitumbua sita kwenye jani la mgomba, akanipa. Aliponisindikiza hadi njiani alinishika mkono. "Mpe mkononi," akasema. "Mpe akiwa peke yake. Msiba haupigiwi mbiu mbele za watu."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nilikaa siku zilizobaki nikidarizi vitambaa na kuihisi ile barua ndani ya mfuko. Hasira yangu haikupungua hata kidogo.

Nilirudi Iringa siku ya Jumapili. Jumatatu, saa ya chai, walimu wote walikuwapo, saba pamoja na mwalimu mkuu. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameegemea dirisha.

"Haya," akasema. "Walikuelewa huko kwetu?"

"Walinielewa. Hata mama yako alinielewa."

Akaweka kikombe chini.

"Nina barua yake," nikasema.

Akanyoosha mkono. Nilimwona alivyobadilika, alikwisha fahamu kwamba nimefika Ng'ambo. Akasema kwa sauti ya chini, "Nipe, dada." Hakuwa amewahi kuniita dada.

Sikumpa. Niliifungua nikaisoma, kwa sauti ya mtu anayesoma mbele ya darasa, kwa matamshi ya kwao, pasipo kosa. Nilipofika "kafa na mzigo mgongoni" mwalimu mkuu alisema, "Mwalimu, basi." Niliendelea. Nilisoma hamali, nikasoma ukarani, nikasoma Yasini. Hakuna aliyecheka. Yule kijana alikuwa amesimama mikono imening'inia, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, hana pa kuuweka. Ndivyo baba yangu alivyosimama uwanjani. Nilisoma mpaka neno la mwisho, nikaikunja barua, nikamkabidhi.

"Lini?" akauliza.

"Miezi saba."

Akatoka nje. Keshoye aliomba ruhusa, akapanda basi, na hakurudi kufundisha pale.

Mwalimu mkuu aliniita akaniambia kwamba nimefanya jambo ambalo hata adui halifanyi. Nikamjibu kwamba siku ya wazazi naye alicheka. Tangu hapo wenzangu walinisalimu vizuri, lakini mtu akiandika barua na mimi nikaingia, aliifunika kwa kiganja.

Nilipokwenda likizo nyumbani nilimsimulia baba. Alikuwa anamenya maharage na mama jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nieleze tena alivyosimama." Nikamweleza. Akasema, "Na sauti yake, alipouliza lini?" Nikaiiga. Baba akacheka, kicheko kirefu ambacho sikukisikia tangu siku ile ya Iringa, akanitaka nirudie mara ya tatu. Mama akaondoka na ungo wake, akaenda kumenyea nje. Nikarudia. Nilimweleza baba kila kitu isipokuwa kwamba yule mama aliniomba nimpe mwanawe akiwa peke yake.

Mwaka uliofuata nilipata barua kutoka Unguja, mwandiko wa jirani. Mama wa vitumbua alinisalimu sana. Alisema mwanawe amefika, amesoma Yasini kaburini, amepata kazi ya shule huko huko. Alinishukuru kwa kumfikishia barua kama alivyoniagiza. Akasema nikija tena nisilale kwa wageni, nilale kwake.

Mwanawe hakumwambia. Sijui kama alinificha mimi au alijificha mwenyewe.

Kwa yule kijana sina majuto. Ningempata leo katika uwanja ule ule, ningemsomea tena, na polepole zaidi. Lakini barua ya mama yake niliikalia wiki nzima, nikachukua kalamu mara nyingi, na kila nilipoandika "Mama mpendwa, shikamoo," sikuona neno la kufuata. Mwisho niliiacha bila jibu. Mafunzo ya Unguja yalipoitishwa tena, nilisema bahari inanidhuru, wakampeleka mwingine.