Ungo Uliopiga Mluzi Kando ya Reli

Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kutengeneza chombo cha kutambua metali kwa kutumia ungo. Tulizungusha waya mwembamba wa shaba kwenye ukingo wake, tukauunganisha na kisanduku cha transista na betri alichokiunda mwenyewe, kisha tukaweka redio ndogo pembeni itoe mluzi. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana mjini Singida, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mimi na mwenzangu mmoja tulipewa jaribio: kufukia metali mbalimbali mchangani, kupitisha ungo juu yake, na kuandika mluzi umebadilika vipi.

Msumari uliushusha mluzi ukawa mzito. Kipande cha shaba kiliupandisha. Mfuniko wa sufuria, ambao ni alumini, nao uliupandisha. Kilichotushangaza ni jembe. Ni chuma kama msumari, lakini kwa kuwa ni bapa na pana, liliupandisha mluzi kama shaba. Tulirudia mpaka mwenzangu akakasirika. Mwalimu yeye alifurahi. "Andikeni mlichosikia," alisema, "si mlichotarajia."

Likizo ilipofika aliniruhusu kwenda na kile chombo nyumbani, nikakijaribu kwenye udongo wa kwetu. Kwetu ni upande wa Itigi, kijiji kipya kilichobanwa kati ya reli na vichaka vilivyosongamana, ambavyo mtu akiacha njia kidogo tu haonekani tena. Baba na mama walihamishiwa hapo mwaka uliotangulia, wakaiacha nyumba yao na mizinga ya nyuki huko porini.

Mwenyekiti wa kijiji alinikuta uani nikipitisha ungo juu ya mchanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia mashine yako inanusa mali iliyofukiwa."

Nikaanza kumweleza kwamba inatambua metali, haijui mali. Hakungoja nimalize. Watu wote wa kando ya reli walikuwa na habari za Wajerumani: kwamba walipokimbia vita walifukia sanduku la dhahabu karibu na stesheni. Hakuna aliyewahi kuliona, wala kukutana na aliyeliona, lakini hakuna aliyelitilia shaka.

"Mali hiyo ni ya umma," alisema. "Kesho unaanza."

Baba, mrina asali asiyependa maneno, alisogea. "Mwenyekiti, huyu ni mtoto wa shule."

"Ndiyo maana nimemjia yeye."

Tukaanza. Watu waliondolewa kwenye shamba la kijiji wakawa wanachimba kila mahali mluzi ulipobadilika, na kando ya reli ungo haunyamazi: misumari ya mataruma, vipande vya bati, madebe yaliyooza. Nikisema hapa ni chuma tu, mwenyekiti anasema chimbeni. Siku mluzi ulipotulia, mambo yakawa mabaya zaidi. Minong'ono ilizuka kwamba nimeshaliona sanduku, kwamba nalikwepa makusudi ili baba alirudie usiku. Wengine waliuliza ni ungo gani huu usiopepeta nafaka. Ungo wa namna hiyo walijua unabebwa na watu gani.

Mgambo akawekwa mlangoni kwetu. Nikienda kisimani ananifuata. Nikiingia vichakani kujisaidia, anasimama njiani akiniita kwa jina mpaka niitike. Niliitika huku machozi yakinitoka, kwa sababu nilijua nisipoitika atanifuata hukohuko.

Shule ikakaribia kufunguliwa. Nilimwambia mwenyekiti.

"Treni zipo kila wiki," alinijibu. "Sanduku likipatikana utapanda."

Nilirudi jikoni nikakaa chini. Ungo ukilia, watu wanachimba mpaka mikono inatoka malengelenge. Usipolia, mimi na baba ni wezi. Mama alikuwa anasonga ugali wa mtama. Hakugeuka. "Waonyeshe kama ulivyofanya shuleni," alisema. "Mbele ya watu wote. Usimweleze yeye peke yake."

Kwenye mkutano wa kijiji niliomba ruhusa ya kusema. Nikamsihi mwenyekiti ageuke. Mama na wanawake wawili wakafukia vitu vitatu: msumari wa reli, jembe bovu, na bangili ya shaba ya bibi mmoja mzee. Kisha nikampa mwenyekiti ungo, asikilize mwenyewe.

Kwenye msumari mluzi ulishuka. "Chuma," alisema, na watu wakamshangilia. Kwenye bangili ulipanda. Kwenye jembe ulipanda zaidi. Alirudi pale mara kadhaa, ameinamisha kichwa, uso umemchangamka.

"Mali iko hapa."

Wakafukua. Likatoka jembe lisilo na mpini, limeliwa na kutu.

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona shingo ya mwenyekiti imekakamaa, nikawaza kwamba sasa nimetuangamiza. Yule bibi aliinama, akachukua bangili yake, akaifuta kwa khanga.

"Mwanangu," alimwambia mwenyekiti, "tutachimba majembe mpaka lini? Mwache mtoto akasome."

Mwenyekiti aliweka ungo chini polepole. "Aende," alisema. "Mashimo atayafukia baba yake."

Nilipanda treni nikiwa nimeupakata ungo mapajani, na sikuthubutu kuangalia nje mpaka stesheni ilipoachwa mbali. Kwenye maonyesho ya shule tulieleza habari ya msumari na jembe. Wageni walisikiliza kwa adabu, halafu wakauliza kama chombo kinaweza kuona dhahabu.

Baba alifukia mashimo kiangazi chote, mgambo akimsimamia. Niliporudi likizo iliyofuata nilimkuta bado kando ya reli, suruali imejaa vumbi jekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Basi shika koleo, anza upande ule. Mvua zikija, ng'ombe watavunjika miguu."

Tukafukia mpaka mama alipotuita kula.